Muuzaji wa Dawa Naye Apelekewe Waraka



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma na kuandika mambo yanayotuhusu sisi makarani wenyewe: mishahara, nyumba, likizo, na mitihani ya kupandia cheo. Leo twaomba ruhusa yenu tumsemee mtu asiye mwanachama wetu, wala hana chama cha kumsemea. Mtu huyo ni muuzaji wa dukani, na hasa yule anayeuza dawa. Twajua wako watakaouliza, "Makarani na wauza duka, wapi na wapi?" Twawasihi wawe na subira, jibu lao limo humu humu.

Neno letu kwa ufupi ni hili: mtu anayewauzia watu vitu hatoshelezwi na mafunzo ya mara moja. Elimu yake si kama chanjo ya ndui, ambayo mtu alichanjwa utotoni akabaki na kovu lake begani maisha yote. Ni kama mafuta ya taa. Hupungua kila usiku taa inapowaka, na asipokuwapo wa kuongeza, utambi hubaki ukiungua wenyewe, kisha giza huingia. Wala mwenye taa asimlaumu mtoto aliyeikalia karibu kwamba hakusoma.

Tuanze na kazi yetu wenyewe, maana ndiyo tuijuayo. Karani aanzapo kazi huonyeshwa kitabu cha Kanuni za Kudumu, akaambiwa asome na kushika. Lakini kitabu hicho hakikai kama kilivyopigwa chapa. Mara kwa mara huja waraka: kifungu hiki kimefutwa, kile kimeongezwa, posho ya safari imebadilishwa, fomu ile isitumike tena. Karani mwangalifu husoma waraka, akaandika pembeni mwa kitabu chake, tena akawaonya wenziwe. Karani mlegevu huutia jaladani akaupa namba, basi. Baada ya miaka mitatu yule mlegevu hufanya kazi kwa sheria iliyokwisha kufa, tena kwa moyo mweupe kabisa, akidhani anatenda sawasawa. Si mwongo wala si mwizi, amepitwa tu. Na hasara yake humwangukia mtu mwingine: mjane anayengoja mirathi, au mwalimu wa kijijini aliyepunjwa posho yake.

Sasa muuzaji wa dawa ni karani ambaye mara nyingi hata huo waraka wa kutia jaladani haumfikii. Alifundishwa siku moja, akapewa hati, akaitundika ukutani juu ya rafu, na tangu siku ile dunia yamwacha kidogo kidogo, naye hajui.

Wenye maduka wengi, wakielezwa habari ya kuwafundisha wauzaji wao, hujibu kwa methali ya wazee: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nasi twaiheshimu methali hii, lakini twaomba itazamwe mahali pake. Ni kweli kwa embe, na ni kweli kwa samaki. Mnunuzi wa embe huliminya na kulinusa. Mnunuzi wa samaki hufunua shavu akatazama wekundu wake. Macho na pua za mnunuzi zamtosha, na muuzaji hata akiwa bubu biashara yaweza kwenda. Lakini ni nani kati yetu awezaye kuminya kidonge akajua kama kitamponya mwanawe? Kidonge kizuri na kibovu chaweza kufanana rangi na umbo. Zaidi ya hayo, mgonjwa mara nyingi hajui hata kama dawa aliyoitaja ndiyo imfaayo. Ameisikia kwa jirani. Kidonge basi hakijiuzi hata siku moja. Kinauzwa na neno la muuzaji: meza hivi, mara ngapi, kwa siku ngapi, pamoja na chakula gani, au, dawa hii sikuuzii, mpeleke mtoto hospitali sasa hivi.

Kwa sababu hiyo twasema kwamba mali ya duka la dawa ni nusu mbili. Nusu moja imo rafuni, na nusu ya pili imo kichwani mwa muuzaji. Ile ya rafuni imepigwa chapa tarehe ya kuisha nguvu, na mkaguzi akija huigeuza chupa akaisoma. Ikipita siku, huondolewa ikateketezwa. Ile ya kichwani nayo huisha nguvu, lakini haina chapa ya tarehe. Hakuna anayeweza kuigeuza akaisoma. Hapo ndipo penye hatari yote tunayotaka kuieleza.

Wafanyabiashara wakubwa wa dunia waliligundua jambo hili zamani, nao hawakuligundua kwa huruma bali kwa kutafuta faida. Huko Dayton, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, alikuwako mtu mmoja aitwaye John Patterson, ambaye kampuni yake ilitengeneza mashine za kuhesabia na kutunzia fedha za dukani. Mwaka 1887 kampuni hiyo ilitoa kijitabu cha maneno ambayo kila muuzaji alitakiwa kuyashika kwa moyo, na katika miaka ya 1890 ikafungua shule ya wauzaji wake. Mmoja wa waliolelewa katika kazi hiyo, Thomas Watson, alipopewa mwaka 1914 kuongoza kampuni nyingine, ile iliyokuja kuitwa IBM tangu mwaka 1924, aliichukua desturi ile ya kuwafundisha wauzaji akaendelea nayo. Ikiwa mtu wa kuuza mashine ya chuma alifunzwa na kufunzwa tena ili mfuko wa kampuni ujae, je, anayeuza dawa ya homa ya mtoto astahili kupungukiwa?

Lakini hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta mfano, maana katika Tanzania umo, tena wa kujivunia. Kwa miaka mingi, vijijini na katika miji midogo, dawa ziliuzwa katika maduka yaliyoitwa maduka ya dawa baridi. Kwa sheria maduka hayo yaliruhusiwa kuuza zile dawa tu zisizohitaji cheti cha mganga. Lakini famasi zilikuwa chache, na nyingi zilijikusanya Dar es Salaam na katika miji mikubwa. Kwa hiyo wagonjwa waliziomba dawa nyingine humo humo, na wauzaji wengi wakaziuza bila ruhusa na bila kufundishwa.

Mwaka 2003 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya wakati huo, ikishirikiana na shirika la Marekani liitwalo Management Sciences for Health, ilianza katika mkoa wa Ruvuma kujaribu duka la namna mpya, likaitwa Duka la Dawa Muhimu. Duka hili liliruhusiwa kuuza baadhi ya dawa za cheti, zikiwamo baadhi ya zile za kuua vijidudu, lakini kwa masharti. Jengo liwe la kufaa, dawa zinunuliwe kwa watu wanaojulikana, daftari liandikwe, wakaguzi wapite, na zaidi ya yote, muuzaji afundishwe kwa majuma kadhaa, afanye mtihani, ndipo apewe hati. Mwenye duka naye alifundishwa sehemu yake. Mpango huo ulifaa, ukaenezwa katika mikoa mingine ya Bara, na mwaka 2009 jirani zetu wa Uganda wakaujaribu katika wilaya ya Kibaale.

Angalieni busara iliyomo. Yangeweza kufungwa maduka yote yale, na wauzaji wakashitakiwa. Lakini mgonjwa wa kijijini angekwenda wapi? Waliofanya mpango walikubali kwanza jambo lililo kweli, kwamba watu watanunua dawa pale palipo karibu na nyumba zao, kisha wakasema kwamba anayewauzia na afundishwe. Muuzaji aliyekuwa akidharauliwa akapewa elimu, vazi na heshima. Hilo ni jambo kubwa, nasi hatuandiki maneno haya kulipunguza. Twaandika kwa sababu mwanzo mwema wataka mwendelezo.

Tuchukue ugonjwa mmoja tu, malaria, tuone jinsi elimu inavyoisha nguvu. Muuzaji aliyejifunza kazi yake mwaka 2000 alijua kwamba dawa ya kwanza ya malaria ni klorokwini. Mwaka 2001 nchi iliiacha, kwa kuwa vijidudu vya ugonjwa vilikuwa vimeizoea, na mahali pake ikawekwa SP. Muuzaji aliyejifunza mwaka 2002 alijua basi kwamba mtu mzima humpa vidonge 3 vya SP, akavimeza mara moja tu, hata pale pale dukani kwa maji ya kikombe, na shughuli imekwisha. Haikupita miaka mingi. Mwishoni mwa mwaka 2006 SP nayo ikaondolewa katika kazi hiyo, ikaingia dawa ya mseto.

Na mseto si kubadili jina tu. Ni kazi mpya kabisa. Mtu mzima hupewa vidonge 24. Humeza 4 kwa mara moja, mara 6, katika siku 3. Mara ya pili ni baada ya saa 8 tangu ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni mpaka vishe. Afadhali avimeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, au maziwa, maana mwili huipokea dawa hiyo vizuri zaidi hivyo. Mtoto mwenye uzito wa kilo 5 hata asiyefika kilo 15 humeza kimoja kimoja kwa mara zile zile 6. Homa yenyewe huenda ikashuka siku ya kwanza au ya pili, na mama akiona mtoto anacheza uani, huvifunga vidonge vilivyobaki katika pindo la kanga akamwekea mtoto mwingine atakayeugua. Ni nani wa kumwambia kwamba asifanye hivyo, na kwa nini asifanye? Ni yule muuzaji peke yake. Kazi iliyokuwa ya kuhesabu vidonge 3 na kupokea fedha imegeuka kuwa kazi ya ualimu, na mwanafunzi wake amesimama nje ya meza akiwa na mtoto mgonjwa mgongoni na daladala inamngoja.

Tena hayakuishia hapo. SP haikutupwa, imebaki dawa ya kuwakinga wanawake wenye mimba, nao hupewa kliniki. Basi muuzaji aliyesikia nusu ya habari, kwamba SP haifai tena, aweza kumtia mwanamke shaka akakataa anachopewa na mkunga. Na mwaka 2010 Shirika la Afya la Dunia lilishauri kwamba kila adhaniwaye kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa. Ile kanuni ya zamani tuliyokua nayo sote, kwamba homa ni malaria mpaka ijulikane vingine, ikafa. Muuzaji ambaye hakuambiwa kwamba imekufa aendelea kuifuata, naye amwuzia mseto mtoto mwenye kichomi, na siku 3 za kumwokoa mtoto huyo zikapita bure.

Ndivyo ilivyo katika kuhara pia. Zamani ilitosha kujua maji ya chumvi na sukari. Mwaka 2004 Shirika la Afya la Dunia pamoja na UNICEF walishauri kwamba mtoto anayehara apewe pakiti za ORS na pamoja nazo vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku kwa muda wa siku 10 hata 14, na nusu yake kwa mtoto asiyetimiza miezi 6. Haya ni mambo mepesi, wala si ghali, nayo yaokoa watoto. Lakini muuzaji asiyeyajua huuza badala yake dawa ya kuua vijidudu, ambayo mara nyingi haihitajiki kwa mtoto yule, naye mama hulipa zaidi kwa kupata pungufu.

Juu ya dawa hizo za kuua vijidudu twataka kusema neno moja zito. Mtu huja dukani akataka vidonge vinne kwa sababu fedha yake ni ya vinne. Muuzaji asiye na elimu humkatia, mgonjwa hupata nafuu ya siku mbili, na vijidudu vilivyobaki mwilini hujifunza kuizoea dawa. Wataalamu waliochapa hesabu yao mwaka 2022 walikadiria kwamba katika mwaka 2019 pekee watu zaidi ya milioni 1.2 duniani walikufa kwa maradhi ya vijidudu vilivyozishinda dawa. Mkasi wa muuzaji unaokata nusu ya karatasi ya vidonge umo katika hesabu hiyo, ingawa sauti yake ni ndogo.

Mtu aweza kusema, "Haya yote aliambiwa katika mafunzo, kwa nini asikumbuke?" Twamjibu kwamba kusahau si uvivu, ni maumbile. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu cha majaribio aliyoyafanya juu yake mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, kisha akajipima baada ya muda mbalimbali. Aliona kwamba baada ya saa moja zaidi ya nusu ya kazi yake ya kukariri ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja kama theluthi mbili. Na baada ya mwezi karibu sehemu nne kwa tano. Mambo yenye maana hukaa zaidi kuliko silabi tupu, lakini njia ni ile ile: upotevu mkubwa huja mapema. Aliona tena jambo la pili, nalo ndilo la kutufaa: kwamba kurudia kulikotawanywa katika siku kadhaa kwafaa kuliko kurudia kwingi kulikorundikwa katika siku moja. Basi majuma kadhaa ya darasani, kisha kimya cha miaka, ni njia ya kupoteza fedha iliyotumika kufundishia. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kilichotoboka hakijai kwa kumwagiwa debe zima mara moja.

Sasa tuwasikilize wenye maduka, maana nao wana haki ya kusikilizwa.

Wa kwanza husema, "Nikimfundisha atahama, nami nitakuwa nimemfundishia jirani." Sisi tulioajiriwa twalijua jambo hili kwa upande wa pili. Mtumishi hahamishwi na elimu. Huhamishwa na mshahara uliokataa kuifuata elimu yake. Na hata akihama, aenda wapi? Aenda duka la mtaa wa pili, ambako huenda kesho mke wako, usiku, duka lako limefungwa, akatumwa kununua dawa ya mwanao.

Wa pili husema, "Duka langu lina muuzaji mmoja. Akienda mafunzoni majuma matano, nifunge?" Hoja hii ina nguvu, na wapangaji wengi wa mafunzo huipuuza. Twaongeza nyingine iliyo upande wake. Waajiri hulipa kodi maalum ya kuendeleza ufundi wa watumishi, nayo mwaka 2023 ilipunguzwa Bara kutoka asilimia 4 hata asilimia 3.5 ya mishahara. Lakini mwaka 2021 mwajiri mwenye watumishi wasiofika 10 aliondolewa katika kodi hiyo. Ni nafuu njema kwa mwenye duka dogo, nasi hatuililii. Walakini yafaa ijulikane kwamba asiyeandikwa katika daftari la walipaji husahauliwa upesi pia katika daftari la wafundishwaji, na karibu kila muuzaji wa dawa kijijini yumo katika duka la watu wasiofika 10.

Wa tatu hasemi kwa sauti, lakini hufikiri: muuzaji aliyefundishwa atakataa kuuza. Hapa hatutaki kuwadanganya. Ni kweli. Muuzaji ajuaye kazi yake atamwambia mteja fulani kwamba hana haja ya dawa ile ya bei kubwa, na mwingine atampeleka zahanati mikono mitupu. Siku hiyo sanduku la fedha litapungua. Lakini wazee walisema biashara haigombi, maana mteja ni wa kurudi. Na mteja wa dawa hurudi akiwa hai. Duka linalojulikana mtaani kwamba humwambia mtu kweli hata kwa hasara yake, hilo ndilo watu hulipita lililo karibu wakalifuata. Na kama baada ya kusema yote bado pana faida itakayopotea, basi ilikuwa faida isiyostahili kupatikana.

Tena tusimsahau muuzaji mwenyewe. Mara nyingi ni mwanamke kijana, mwenye mafunzo mafupi ya uuguzi, anayefungua duka alfajiri na kulifunga usiku. Lawama zote ni zake. Mtoto akizidiwa, husemwa yeye. Mkaguzi akikuta dawa isiyoruhusiwa, ingawa imeletwa na mwenye mali, huulizwa yeye. Kumtaka mtu ajibu maswali ambayo hakufundishwa majibu yake, kisha kumtoza kwa kukosea, si haki katika shule, wala si haki dukani.

Kwa hiyo twaleta mashauri matano, nanyi myapime.

Kwanza, mafunzo ya kuendelea yawe mafupi na ya mara kwa mara. Jambo moja kwa mwezi latosha: mwezi huu mseto, mwezi ujao zinki, mwezi wa tatu dalili za hatari kwa mtoto. Nusu saa kabla ya kufungua duka, au wauzaji wa kata moja wakutane mchana mmoja. Siku hizi muuzaji wa kijijini ana simu mkononi, na somo laweza kumfikia humo. Lakini asiachiwe simu peke yake, maana somo lisiloulizwa maswali halijulikani kama limeingia.

Pili, mkaguzi awe mwalimu kabla ya kuwa hakimu. Akipita dukani, aulize maswali matatu ya kazi, na mahali muuzaji alipokosa amwelekeze pale pale, ndipo atazame leseni. Muuzaji anayeuogopa ukaguzi huficha ujinga wake kama anavyoficha dawa mbovu, na ujinga uliofichwa haupati dawa.

Tatu, kila duka liwe na daftari la maswali. Wahenga wetu wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Na elimu ni mali. Swali lolote la mteja lililomshinda muuzaji liandikwe na tarehe yake, na katika mkutano wa mwezi madaftari yafunguliwe. Hapo walimu watajua la kufundisha, badala ya kukisia wakiwa mjini.

Nne, hati isiwe ya milele. Iandikwe tarehe ya kuisha nguvu kama chupa, na ihuishwe kwa kuonyesha kwamba mwenyewe amehudhuria masomo. Tena iwe mali ya muuzaji, si ya duka, ili ahamapo ahame nayo.

Tano, elimu iongezwayo ifuatwe na kitu mfukoni, hata kiwe kidogo. Sisi makarani tusingalifanya mitihani yetu kwa mapenzi ya wino peke yake. Basi tusidai kwa wengine wema ambao sisi wenyewe tungetaka ulipwe.

Sasa tumefika kwenye jibu tuliloahidi. Makarani na wauza duka, wapi na wapi? Kwanza, wengi wetu tuna vijiduka, au wake zetu wanavyo, na baadhi ni vya dawa. Shauri la haki lianze nyumbani. Kabla hatujaiandikia serikali, kila mwanachama mwenye duka amkalishe muuzaji wake jioni moja, amwulize jinsi ya kumpa mseto mtoto wa kilo 12, asikilize jibu.

Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, waraka wa wilayani hupita mikononi mwetu. Agizo jipya la dawa litokapo makao makuu, huja kwanza juu ya meza ya karani. Yeye ndiye mwenye kulipa namba, mwenye kulitawanya, na mwenye kujua kama limefika katika kata ya mwisho au limelala jaladani. Mara nyingi limeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, nalo hata likifika halisomeki. Tuliopata bahati ya kusoma lugha mbili twaweza kukaa na mganga wa wilaya, tukaliandika upya kwa Kiswahili kinachoeleweka, ukurasa mmoja, herufi kubwa, lipate kubandikwa karibu na rafu. Kazi hiyo haidai bajeti mpya wala ruhusa ya mbali. Yadai jioni chache za watu wajuao kuandika, na Chama chetu kina watu wa namna hiyo tele.

Twapendekeza basi kwamba katika mkutano wetu ujao jambo hili liwekwe katika ajenda, na kila tawi lichague wanachama wawili wa kuonana na mganga wa wilaya yao. Mwenye kuona vingine na aandike, kurasa zi wazi. Ila asituambie kwamba si kazi yetu. Maana hakuna kati yetu ambaye nyumba yake haijawahi kutuma mtu usiku kwenye duka la dawa, wala aliyewahi kumchagua muuzaji atakayemkuta huko.

Wasalaam.

Ni sisi, makarani wenzenu.